Mwendo na Kimo: Akiba Mbili za Rubani

Watu wengi hudhani kwamba rubani atakaye kupanda huinua tu pua ya ndege, na atakaye kwenda kasi huongeza tu nguvu ya injini. Dhana hiyo ina ukweli kidogo, lakini mwenye kuitegemea peke yake angani hujitia hatarini, kwa maana mwendo na kimo havitenganiki.

Nishati moja, sura mbili

Ndege iliyo angani ina nishati itokanayo na mwendo wake na nishati itokanayo na kimo chake. Moja yaweza kugeuzwa kuwa nyingine. Chukua mfano wa ndege ndogo iendayo mita 60 kwa sekunde, yaani kilomita 216 kwa saa. Rubani akivuta usukani bila kuongeza nguvu ya injini, ndege hupanda, lakini mwendo hupungua. Mwendo ukishuka hadi mita 40 kwa sekunde, kimo kitakuwa kimeongezeka kwa mita 102 hivi, ikiwa ukinzani wa hewa hauhesabiwi. Kimo hicho kimelipiwa kwa mwendo. Injini ndiyo iongezayo nishati. Ukinzani wa hewa huipunguza daima. Usukani hugawa tu ile iliyopo.

Kikomo cha bawa

Mgawo huo una mpaka. Kadiri mwendo unavyopungua, ndivyo bawa linavyolazimika kukabili hewa kwa pembe kubwa zaidi ili libebe uzito uleule. Pembe hiyo ipitapo kiasi fulani, ambacho kwa mabawa mengi ni yapata digrii 15, hewa huacha kuambaa juu ya bawa na kuvurugika, na nguvu ya kuinua hupungua ghafula. Ndege huanza kuanguka ijapokuwa injini zinanguruma. Dawa yake ni kinyume cha silika ya binadamu: rubani hana budi kushusha pua, atoe kimo ili apate mwendo, ndipo apande tena. Kwa sababu hiyo mwendo hulindwa mno wakati wa kutua, maana hapo akiba ya kimo ni ndogo.

Jinsi mwendo unavyopimwa

Mwendo hupimwa kwa mrija uliobuniwa mwaka 1732 na Mfaransa Henri Pitot, aliyetaka kupima mkondo wa mto Seine. Mdomo wa mrija huelekea mbele. Hewa iingiayo hukandamizwa, na tofauti kati ya mkandamizo huo na ule wa hewa iliyotulia huonyesha mwendo. Lakini hewa ya juu ni nyepesi. Kwa hiyo ndege itokayo Dar es Salaam na kutua Nairobi, yapata mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hugusa ardhi kwa mwendo halisi uzidio kwa karibu asilimia 8 ule wa pwani, ingawa kipimo huonyesha tarakimu ileile. Huhitaji basi njia ndefu zaidi ya kusimamia.

Msiba wa mwaka 2009

Tarehe 1 Juni 2009, ndege ya Air France aina ya Airbus A330 ilikuwa juu ya bahari ya Atlantiki, ikitoka Rio de Janeiro kwenda Paris, katika kimo cha mita 10,700 hivi. Chembe za barafu ziliziba mirija ya Pitot, na kwa muda wa dakika moja hivi vipimo vya mwendo havikuaminika. Mtambo wa kujiendesha ulijizima. Rubani aliinua pua. Ndege ikapanda hadi mita 11,600 hivi, mwendo ukaisha, na mabawa yakashindwa kuibeba. King'ora cha tahadhari kililia, lakini pua iliendelea kuinuliwa. Ndege ilianguka kwa dakika tatu na nusu, na watu wote 228 waliokuwamo wakafa.

Injini zilikuwa nzima, na kimo cha kutosha kubadilishwa kuwa mwendo kilikuwapo. Wachunguzi walipendekeza marubani wazoezwe zaidi kuendesha ndege kwa mkono katika vimo vikubwa, na kuinasua pindi mabawa yanapopoteza nguvu. Zoezi hilo huanza kwa tendo moja: kushusha pua.