Shahidi wa Bao Asiloliona

Ushabiki wa soka katika vyuo vya Tanzania huendeshwa kwa maneno zaidi kuliko kwa tiketi, kwa kuwa wanafunzi wengi wanaobishana usiku kucha juu ya mechi za Ligi Kuu huwa wamezitazama katika kibanda umiza, yaani ukumbi mdogo wa kulipia wenye runinga na mabenchi, au wamezisikiliza redioni, na ni wachache tu waliowahi kukaa katika majukwaa ya Uwanja wa Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam. Barua inayojibiwa wiki hii imetoka kwa mmoja wa wanafunzi hao, kijana wa Msanzi wilayani Kalambo, ambaye yuko mwaka wa pili katika chuo kimoja mjini Sumbawanga na ambaye jina lake limehifadhiwa kwa ombi lake.

Barua inaeleza kwamba kijana huyo, shabiki wa Yanga tangu utotoni, anafahamika chuoni kwa jina la Mchambuzi, na kwamba kila jioni wenzake wa hosteli hujazana kwenye kitanda chake cha chini kusikiliza maoni yake juu ya kila jambo, kuanzia kocha anayestahili kufukuzwa hadi beki anayestahili kuitwa Taifa Stars. Hadithi inayoombwa zaidi ni ya tarehe 22 Oktoba 2020, siku ambayo Tanzania Prisons, timu ya Jeshi la Magereza yenye maskani yake Mbeya lakini iliyokuwa ikiutumia Uwanja wa Nelson Mandela wa Sumbawanga kwa mechi zake za nyumbani msimu ule, iliifunga Simba 1–0 kwa bao la Samson Mbangula mwanzoni mwa kipindi cha pili. Msimuliaji hudai kwamba alikuwa uwanjani siku hiyo, nyuma ya goli lenyewe.

Ukweli, kama anavyoukiri mwenyewe, ni kwamba siku hiyo alikuwa mwanafunzi wa kidato cha pili, amesimama na sare ya shule mbele ya duka moja la Msanzi, ambako redio ya betri ilitundikwa kwenye msumari juu ya magunia ya mahindi, huku mwenye duka akikataa kubadilisha stesheni kwa ajili ya mteja aliyetaka habari za kampeni, kwa kuwa Uchaguzi Mkuu ulikuwa umebakiza siku 6. Uongo ulianza kwa sentensi moja tu mwaka wa kwanza, pale wenzake wawili waliotoka Dar es Salaam walipomwambia kwamba mtu ambaye hajawahi kukanyaga Uwanja wa Mkapa hana haki ya kuchambua mpira, naye, kwa kubanwa, akajibu kwamba Simba ilipofungwa Sumbawanga aliiona kwa macho yake. Sentensi hiyo imekua hadi imekuwa hadithi kamili yenye mwanzo, kati na mwisho.

Sasa mambo mawili yamemfika kwa pamoja. Waziri wa michezo wa serikali ya wanafunzi amemwomba aisimulie hadithi hiyo kwa kipaza sauti siku ya bonanza la kuwakaribisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na miongoni mwa wageni hao yumo kijana wa Matai ambaye ameshaanza kuuliza, kwa upole lakini mbele za watu, ilikuwaje mwanafunzi wa kidato cha pili akatoka Msanzi kwenda mjini kutazama mechi iliyochezwa siku ya Alhamisi. Wakati huohuo, mwenzake wa chumbani amepoteza fedha za chakula, zilizotokana na gunia la mahindi ambalo mama yake aliliuza, kwa kuzicheza katika mkeka uliosukwa kwa utabiri wa Mchambuzi, ambaye alikuwa amedai kwamba habari zake zinatoka kwa mtu aliye ndani ya kambi ya timu. Msomaji anauliza kama akiri kabla ya bonanza au aache jambo lijifie lenyewe, na kama hasara ya mwenzake inamhusu.

Ili maswali hayo yajibiwe kwa haki, inafaa kutenganisha namna mbili za kusema ambazo mashabiki huzichanganya. Ya kwanza ni tambo, yaani majigambo ya kumkera mpinzani, ambayo katika soka la Tanzania yamejengwa juu ya utani, ule uhusiano wa kimila unaowaruhusu watu wa pande mbili kukejeliana pasipo mmoja wao kushika hasira. Ndiyo maana Simba na Yanga, klabu zilizozaliwa Dar es Salaam katika miaka ya 1930, huitwa watani wa jadi. Tambo hazidaiwi risiti. Shabiki wa Yanga akisema kwamba wachezaji wa Simba hushikwa na homa kila wanapoiona jezi ya kijani, hakuna mwenye akili atakayemwita mwongo. Hata hivyo, liko jambo linalowaponyoka wengi, kwamba hata katika tambo kali kabisa matokeo hayabuniwi: shabiki wa Yanga hukumbusha 5–1 ya tarehe 5 Novemba 2023, wa Simba humrudishia 6–0 ya mwaka 1977 na 5–0 ya Mei 2012, na ufundi wao wote huishia katika kuchagua matokeo ya kutaja na ya kuyanyamazia, kwa sababu kila aliyepo kijiweni anayajua, na anayejizulia bao huchekwa hapohapo.

Namna ya pili ni ushuhuda, nao ni kauli ya mtu kwamba alikuwapo, aliona, au aliambiwa na fulani. Kwa kauli ya namna hiyo msikilizaji hukabidhiwa kitu asichoweza kukipima mwenyewe, akakipokea kwa kumwamini tu msemaji. Mwandishi wa barua hajakosea kwa kuwa na maoni mengi, wala kwa kuyatia chumvi. Amekosea pale alipoyapa maoni hayo asili isiyokuwapo, mara ya kwanza kwa kujiweka nyuma ya goli la Nelson Mandela, na mara ya pili kwa kumweka kambini mtu ambaye hayupo. Barua inayataja kama mambo mawili tofauti, la aibu na la fedha, ilhali ni kosa moja lililofanywa mara mbili.

Kijana wa Matai, kwa kweli, hakuhitaji hata kalenda. Masimulizi, kama yalivyonukuliwa katika barua, yana dakika ya bao, jina la kila aliyegusa mpira kabla haujaingia wavuni, na hata mchezaji wa akiba aliyekuwa akipasha misuli pembeni, mambo ambayo mtangazaji huyasema ili asiyeona aone. Mtu aliyekuwa uwanjani, hasa nyuma ya goli, kwa kawaida hukumbuka mambo ya ovyo zaidi, kama vile mtu mrefu aliyemkinga, jua la alasiri, mabishano ya langoni, na zile sekunde za kumuuliza jirani ni nani aliyefunga. Hadithi ya Mchambuzi ina usahihi wa redio, na yeyote aliyekua akisikiliza mpira kwa redio ataitambua sauti ya mtangazaji ndani yake.

Hapo pana jambo ambalo mwandishi wa barua analionea haya bila sababu. Kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, na kwa miongo mingi kabla ya runinga kuenea, mapenzi ya Simba na Yanga yalifika Ufipa, kama yalivyofika Kigoma, Songea na Bukoba, kwa mawimbi ya Redio Tanzania Dar es Salaam, ambako watangazaji kama Ahmed Jongo na Charles Hilary waliwawezesha watu wasioujua mji huo wabishane juu ya kona na kuotea kana kwamba walikuwa wamesimama kando ya mstari. Wazee waliosikiliza mpira kwa namna hiyo hawakuwa mashabiki wa daraja la pili. Walijua kutokana na kupanda kwa sauti kwamba mpira umeingia katika eneo la hatari, na mtangazaji aliponyamaza kidogo walijua kuna aliyelala chini. Hoja ya wale wawili wa Dar es Salaam haina msingi wowote, maana uwanja uliofunguliwa mwaka 2007 na unaochukua watu 60,000 hauwezi kuwa ndiyo shule pekee ya soka katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 60, na aliyekaa katika viti vyake vya juu kabisa huambulia kuiona rangi ya jezi tu. Jibu lililofaa mwaka ule wa kwanza lilikuwa kuwaeleza redio ya dukani, msumari wake, magunia na yule mteja wa kampeni. Bahati mbaya aliificha hadithi nzuri, akaazima ya kawaida.

Swali la fedha ni zito zaidi na linahitaji maelezo. Mkeka, kwa wasioufahamu, ni orodha ya mechi kadhaa zinazochezewa kwa pamoja katika michezo ya kubahatisha, ambapo malipo hupatikana iwapo utabiri wote umetimia na hupotea yote iwapo mmoja tu umekosewa, hali ambayo wachezaji huiita mkeka kuchanika. Uzito wa sharti hilo haueleweki vya kutosha katika hosteli za wanafunzi. Mtabiri hodari, ambaye katika kila mechi 10 hupatia 6, akipanga mechi 5 katika mkeka mmoja ana nafasi isiyofika 8 katika 100 ya kuziona zote zikitimia, kwa sababu nafasi ya mechi moja huzidishwa kwa nafasi ya nyingine na kila kuzidisha huipunguza, na malipo makubwa yanayotangazwa kwa mikeka mirefu yanatokana na ugumu huohuo.

Inashangaza, kwa hiyo, kwamba aliyemhakikishia mwenzake kuwa mkeka ule una mechi za uhakika ni mtu yuleyule anayesimulia ushindi wa Prisons kila wiki. Simba iliyofika Sumbawanga Oktoba ile ilikuwa bingwa wa misimu 3 mfululizo, ikaondoka bila pointi hata moja, kisha ikaumaliza msimu ikiwa bingwa kwa mara ya 4 mfululizo. Kama kulikuwa na mechi ya uhakika msimu ule, ni hiyo, nayo ilichanika mbele ya watu wa Sumbawanga.

Kuhusu dhamana, mwenye fedha ni mtu mzima aliyevuka umri wa miaka 18 unaotakiwa na sheria ya michezo ya kubahatisha, na aliamua kwa mkono wake. Kama angekuwa amepewa maoni matupu, hasara ingekuwa yake yote. Lakini aliambiwa kwamba kuna mtu kambini, na huyo mtu ndiye aliyemfanya atoe fedha za chakula badala ya fedha za vocha. Kwa maoni ya safu hii, Mchambuzi anadaiwa nusu ya fedha hizo, si kwa sheria bali kwa ubinadamu, na kwa kuwa barua inaonyesha kwamba naye mfukoni hana kitu, njia inayofaa ni kupika sufuria moja na mwenzake hadi fedha za nyumbani zitakapofika, jambo ambalo kwa bei ya unga na maharage ya Ufipa halitamfilisi. Wazo la kumtafutia mkeka mwingine wa kurudisha hasara, ambalo barua inaligusia harakaharaka karibu na sahihi, litupwe.

Kuhusu kukiri, mpangilio una uzito kuliko maneno yenyewe. Mwenzake wa chumbani aambiwe kwanza, tena peke yake, kwamba mtu wa kambini hakuwapo, kwani akiisikia habari hiyo katikati ya umati atakuwa ametendewa vibaya mara ya pili. Kijana wa Matai afuatwe baadaye, kabla ya bonanza, wala asiombwe kunyamaza, kwa kuwa kuuliza siku ya juma si kosa. Siku ya bonanza yenyewe haihitaji hotuba ya toba mbele ya wageni ambao wengi wao hawajadanganywa bado. Inatosha msimuliaji aanze kwa kusema kwamba mechi ya Prisons na Simba aliisikilizia Msanzi, dukani, akiwa na sare ya shule, kisha aisimulie kama alivyoisikia. Wenzake wa mwaka wa pili watapiga kelele, na wale wawili wa Dar es Salaam watapiga kubwa zaidi, nazo azipokee kama tambo, maana amewapa mtaji wa muhula mzima. Baada ya hapo aendelee kuchambua, ila kila anapotoa maoni ataje kama jambo hilo ameliona kwenye runinga, amelisikia redioni, amelisoma gazetini au analikisia tu, desturi ambayo hata baadhi ya wachambuzi wanaolipwa wangefaidika nayo.

Barua inamalizia kwa hofu ndogo, kwamba akikiri, mashabiki wa Simba wa hosteli watasema kuwa hata mechi yenyewe haikuwapo. Wanaweza kusema hivyo, na katika utani ni haki yao. Bao la Mbangula limo katika kumbukumbu za Ligi Kuu ya msimu wa 2020/21, na anayelitilia shaka anaweza kuulizia mitaani Sumbawanga, ambako hatakosa kumpata mtu aliyekuwa uwanjani kweli, na ambaye huenda hata dakika ya bao haikumbuki.