Herufi za Jina Juu ya Zawadi ya Kitambaa

Bwana Mhariri amenitaka niwaandikie wanafunzi wanaotarizi zawadi za kuwaaga walimu, niwaeleze namna ya kuchagua mtindo wa herufi. Nimekubali kwa furaha, maana kazi yangu ni sindano na cherehani, na tena habari hii si ndogo kama watu wanavyodhani. Karatasi ikiharibika waweza kuandika nyingine. Lakini uzi ukifumuliwa, matundu ya sindano hubaki katika kitambaa, hasa kikiwa cha hariri, na mwenye zawadi atayaona kila akiitumia.

Monogramu ni herufi za mwanzo wa majina ya mtu zilizofungamanishwa hata zikawa alama moja. Si jambo la jana. Mfalme Karolo Mkuu, aliyekufa mwaka 814, hati zake zilitiwa alama yenye umbo la msalaba: K kushoto, R juu, L chini, S kulia, na vokali za jina KAROLUS zikakaa katika kisanduku cha katikati. Mchoraji Albrecht Dürer wa Nürnberg, aliyekufa mwaka 1528, aliweka D ndogo chini ya miguu ya A kubwa, basi. Mfalme alitumia herufi saba, mchoraji mbili. Mimi nawashauri mumfuate mchoraji.

Wazungu wana desturi mbili za kupanga herufi tatu. Ya kwanza ni kuziandika zote kwa kimo kimoja, kwa mfuatano wa majina. Ya pili ni kuweka herufi ya jina la ukoo katikati, kubwa kuliko wenzake, jina la kwanza kushoto na la kati kulia. Hii ya pili yapendeza machoni, lakini ina mtego. Tuseme mtu aitwa Mathayo Uledi Bakari. Kwa mfuatano ni M, U, B, wala hapana neno. Mkipeleka B katikati, mwalimu wenu atapewa foronya iliyoandikwa MBU! Kwa hiyo, kabla ya kushika sindano, andikeni herufi kwa penseli na kuzisoma kwa sauti, katika kila lugha inayosemwa shuleni.

Tena kuna jambo kubwa zaidi ambalo vitabu vya Ulaya havilitaji. Mtindo wa herufi kubwa katikati umetengenezwa kwa watu ambao baba, mama na watoto wote hushiriki jina moja. Kwetu sivyo. Mtoto wa Kiganda hupewa jina katika majina ya ukoo wake, na laweza kuwa tofauti kabisa na la baba yake. Wanyarwanda na Warundi nao kwa desturi humpa kila mtoto jina lake mwenyewe. Na Mwislamu wa pwani hufuatisha jina lake na la baba, kisha la babu. Sasa katikati mtaweka nani? Mkimkuza babu, mwenye zawadi mmemweka pembeni mwa kitambaa chake mwenyewe. Kwa watu wetu wengi naona mfuatano wa kimo kimoja wafaa zaidi, au herufi mbili tu. Na msitie herufi ya cheo, maana cheo hubadilika.

Kwa maarusi yahitaji hadhari zaidi. Desturi ya Kizungu ni herufi ya mke kushoto, ya mume kulia, na ya jina la nyumba katikati. Lakini wake wengi wa kwetu hawaachi majina yao, na mke wa Kiislamu hubaki na jina la baba yake. Nalipata kuona shuka nzuri sana zimekunjwa sandukuni, hazikutandikwa hata siku moja, kwa kuwa zilimwandika bibi arusi kwa jina asilolikubali. Mwulizeni dada au rafiki yake kwa siri. Msipopata jibu, tarizini herufi mbili za majina yao ya kwanza, na kijani kidogo kati yake.

Mkidhani nakuza mambo, kumbukeni habari ya Edinburgh. Mwaka 1952 liliwekwa huko sanduku la posta lenye alama ya Malkia Elizabeth, E na R na tarakimu II. Waskoti walinung'unika, kwa kuwa Elizabeth wa kwanza hakuwatawala wao. Februari 1953 sanduku lililipuliwa, na baadaye masanduku mapya ya Scotland yakawekwa taji la Scotland bila herufi.

Sasa sura ya herufi. Mwandiko wa kuunga wapendeza kwenye leso, ila I na J za mwandiko huo hufanana, na mgeni hatazitofautisha. Herufi za Kigothi ziacheni. Hata mwenye jina hushindwa kuzisoma. Herufi za kusimama wima husomeka daima, ila angalieni upana: M na W hula nafasi, I ni nyembamba, hivyo M, I, W zikipangwa sawasawa zaonekana kama meno yenye pengo. Sogezeni mpaka macho yaridhike, wala msitegemee rula.

Kwa leso, sentimeta 2 zatosha; kwa foronya 5 au zaidi. Mshono wa kujaza, ambao nyuzi hulazwa ubavu kwa ubavu, hung'aa vizuri, lakini uzi mmoja ukizidi milimeta 8 hivi hunasa kwenye vifungo na kucha. Herufi nene igawanyeni mara mbili. Taulo nalo humeza mistari myembamba, basi huko tumieni herufi nono zisizo na mapambo.

Foronya itarizini kwenye pindo la mdomo wake, si katikati, maana nyuzi zilizoinuka huumiza shavu la mtu aliyelala. Na uzi wa rangi, hasa mwekundu, uchemsheni kwanza pamoja na kipande cheupe kwa dakika kumi. Kipande kikigeuka rangi, uzi huo rudisheni dukani.