KOMPYUTA YA ZAMANI SIYO TAKATAKA: JINSI YA KUCHAGUA LINUX YA KUANZIA NYUMBANI

Somo la leo ni refu kidogo, ila linaweza kukuokolea hela ya mtaji, kwa hiyo kaa nalo mpaka mwisho.

Jirani yangu hapa sokoni, mama anayeuza vitenge, alinijia na laptopu kwapani, uso umemshuka. "Dada, fundi kaniambia hii imekufa, ninunue nyingine." Nikamuuliza, imekufa vipi, haiwaki? "Inawaka, ila dakika kumi zinapita ndiyo ifunguke. Na kila siku inaniletea ujumbe kwamba Windows 10 imefika mwisho." Akafungua pochi akanionyesha laki saba. Hiyo laki saba ilikuwa ya kwenda Kariakoo kuchukua mzigo wa sikukuu.

Nikamwambia, mama, rudisha hela kwenye pochi kwanza. Tuongee.

TATIZO LENYEWE NI LIPI?

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walisimamisha maboresho ya bure ya Windows 10, isipokuwa kwa waliojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza wa muda mfupi. Kompyuta haizimiki siku hiyo. Inaendelea kuwaka kama kawaida. Ila tundu jipya la usalama likigundulika, hakuna wa kuja kuliziba. Ni kama duka ambalo kitasa kimeharibika na fundi vitasa kahama mji. Unafunga, lakini hulali vizuri.

Utasema, si niweke Windows 11? Shida ni kwamba Windows 11 inataka kompyuta yenye chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0, RAM isiyopungua GB 4, na prosesa ya miaka ya karibuni. Kwa Intel, kwa kawaida ni kizazi cha 8 kwenda mbele. Laptopu nyingi za mtumba tulizonunua hazifiki hapo. Siyo kwamba ni mbovu, ni kwamba hazikidhi masharti.

Hapo ndipo Linux inapoingia. Ni mfumo wa kuendesha kompyuta, kama Windows ilivyo, ila ni wa bure kihalali. Haihitaji leseni, na huhitaji kwenda kwa kijana wa kukuwekea "ya kuchakachua" ambayo hujui imekuja na nini ndani.

MBONA ZIKO NYINGI?

Linux yenyewe ni injini, ilianzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991. Watu mbalimbali wanaichukua hiyo injini na kuivalisha bodi yao. Fikiria mabasi ya mikoani: chesisi na injini vinaweza kuwa vya kampuni moja, lakini kila mwenye basi anachagua bodi, viti na rangi zake. Hizo bodi za Linux ndizo zinaitwa distro. Zipo mamia. Usiogope, wewe unahitaji moja tu, na kwa anayeanza tunachagua katika nne.

Kosa la wengi ni kuanza na jina. "Nimesikia fulani ni kali, niwekee hiyo." Anza na maswali matatu:

1. Kompyuta yangu ina nguvu gani? Kwenye Windows fungua Settings, kisha System, kisha About. Andika kwenye karatasi RAM ni GB ngapi, na kama imeandikwa 64-bit. Hizi nne nitakazozitaja, matoleo yake ya sasa yanataka 64-bit.

2. Nyumbani tunaitumia kwa kazi gani? Mauzo ya siku, barua, WhatsApp ya kwenye kivinjari, masomo ya watoto, filamu? Hayo yote Linux inafanya. Lakini kama una programu ya mauzo, ya hesabu au ya risiti iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows tu, usihame kabla ya kumuuliza aliyekuuzia. Ziko njia za kulazimisha programu za Windows ziende kwenye Linux, ila biashara haiendeshwi kwa kubahatisha.

3. Nani atanisaidia nikikwama? Kama kijana wako wa chuo anatumia Ubuntu, hiyo ni sababu nzuri kabisa ya kuchagua Ubuntu. Distro nzuri ni ile ambayo ukikwama saa mbili usiku kuna wa kumuuliza.

NNE ZA KUANZIA

Linux Mint. Hii ndiyo ninayowashauri wengi. Ukitoka Windows hupotei: kitufe cha kuanzia kiko chini kushoto, saa iko chini kulia. Inakuja na LibreOffice ya kuandikia na kupigia hesabu. Ina matoleo matatu: Cinnamon ni ya kupendeza zaidi, MATE ni ya kati, Xfce ni nyepesi. RAM ikiwa GB 4 chukua Xfce, ikiwa GB 8 chukua Cinnamon.

Ubuntu. Imeanza mwaka 2004, mwanzilishi wake ni Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini. Jina lake ni ndugu wa neno letu "utu". Ni maarufu, kwa hiyo maelekezo yake yamejaa kila mahali. Sura yake ni tofauti na Windows, utahitaji siku kadhaa kuizoea. Inapumua vizuri kwenye RAM ya GB 8. Kwenye GB 4 utaiona inahema.

Zorin OS. Inatoka Ireland, na imepangwa makusudi imfae mtu anayetoka Windows. Inafaa kama nyumbani kuna mzee au mtoto asiyependa mabadiliko. Ina toleo la bure linaloitwa Core na la kulipia linaloitwa Pro. Anza na la bure, usilipe kitu bado.

Lubuntu. Ni ndugu mwepesi wa Ubuntu, kwa kompyuta dhaifu. Ila tuambiane ukweli: kama RAM ni GB 2, kivinjari chenyewe ndicho kizito. Ukifungua kurasa kumi kwa pamoja itakwama hata ungeweka distro gani.

Kingine cha kuangalia ni muda wa kuhudumiwa. Kwenye Ubuntu tafuta herufi LTS, maana yake toleo la muda mrefu. Ubuntu 24.04 ilitoka mwaka 2024 mwezi wa 4, ndiyo maana ya hizo namba, na inahudumiwa hadi 2029. Linux Mint 22 imejengwa juu ya hiyo, nayo inakwenda hadi 2029. Matoleo yasiyo LTS yanahudumiwa miezi 9 tu. Hayo waachie wenye muda.

ZA KUKAA NAZO MBALI

Kuna vijana watakuambia weka Kali Linux, kwa sababu wameona wadukuzi wakiitumia. Kali ni sanduku la zana za wataalamu wa kupima usalama, siyo ya kuandikia mauzo wala ya mtoto wa darasa la tano. Arch nayo ni nzuri kwa anayependa kufunga kila nati mwenyewe. Wewe una duka la kufungua asubuhi.

ONJA KABLA YA KUNUNUA

Hapa ndipo uzuri wa Linux ulipo. Unaweza kuionja bila kugusa kitu kwenye kompyuta yako. Unaiweka kwenye flashi, unawasha kompyuta kupitia flashi, unatembea ndani yake, ukichoka unazima na kuchomoa. Windows yako unaikuta kama ulivyoiacha, ilimradi hujabonyeza kitufe cha kusakinisha.

Hatua zake:

- Tafuta flashi ya GB 8 au zaidi isiyo na kitu cha maana, maana itafutwa yote.
- Pakua distro kutoka tovuti yake rasmi tu. Mint ni kama GB 3, Ubuntu 24.04 ni karibu GB 6. Bando la usiku litakusaidia.
- Tumia programu ya bure inayoitwa Rufus kuiandika kwenye flashi. Kunakili faili tu kama unavyonakili picha haitoshi, haitawaka.
- Zima kompyuta, chomeka flashi, washa huku unagonga F12. Hiyo ni kwa Dell na Lenovo nyingi. Kwa HP nyingi ni Esc au F9. Chagua flashi.

Ikishafunguka, usikae kushangaa picha nzuri. Ikague kama unavyokagua mzigo kabla ya kulipa:

- Waifai inashika? Ikigoma, chomeka simu kwa waya na uwashie kompyuta intaneti ya simu. Mara nyingi inakubali, na hapo unaweza kupakua kinachokosekana.
- Sauti inatoka? Kamera inafanya kazi?
- Printa inachapa? Nyingi za HP zinakubali bila shida. Nyingine zina vichwa vigumu, hasa za risiti. Ijaribu yako mwenyewe, usiamini ya jirani.
- Fungua faili lako la mauzo la Excel. Namba zimekaa sawa? Faili la kawaida LibreOffice inafungua vizuri. Lenye vitufe na kanuni ndefu zilizotengenezwa na mhasibu linaweza kukataa.

Kwenye flashi itakuwa nzito kidogo, hilo lisikutishe. Ikiwekwa kwenye diski inakuwa nyepesi zaidi.

Jirani yangu alipojaribu, Mint Xfce ilishika waifai na printa ikachapa. Zorin tuliijaribu pia, akaipenda kwa macho, lakini kwa RAM yake ya GB 4 Xfce ilikuwa inaitika haraka zaidi. Akachagua kinachoitika.

KOSA LANGU, LISIWE LAKO

Hapa naomba usome polepole.

Mara yangu ya kwanza kuweka Linux nilikuwa na haraka. Kompyuta ikaniuliza niweke pembeni ya Windows au nifute diski yote. Neno lililoandikwa ni Erase. Nikabonyeza, nikijua faili zangu ziko salama kwenye folda ya D. Ile D ilikuwa ni kipande cha diski hiyo hiyo. Ndani yake kulikuwa na orodha ya wateja niliowakopesha, watu thelathini na saba, nani anadaiwa kiasi gani. Ikaondoka yote.

Nilibaki nakumbuka kwa kichwa. Waaminifu walikuja wenyewe wakasema, dada, mimi unanidai elfu ishirini na mbili. Wengine wakakaa kimya, na mimi sikuwa na karatasi ya kuwashikia. Linux haikuwa na kosa, kosa lilikuwa langu.

Kwa hiyo, kabla ya kusakinisha:

1. Nakili kila kitu cha maana kwenye diski ya nje au flashi nyingine. Halafu kingine kiweke mtandaoni, kwa mfano Google Drive.
2. Fungua hiyo nakala kwenye kompyuta ya mtu mwingine uone inafunguka. Nakala ambayo hujaifungua ni matumaini tu.
3. Andika kwenye daftari nywila zako zote, pamoja na ya barua pepe.
4. Madeni ya wateja yachape kwenye karatasi. Karatasi haina Erase.
5. Siku ya kusakinisha chomeka chaja. Umeme ukikatika na betri imechoka, utaishia katikati.

Kama diski ina nafasi na bado una wasiwasi, chagua kuweka Linux pembeni ya Windows. Kila ukiwasha utaulizwa uingie wapi. Kazi za pesa na intaneti zifanyie kwenye Linux, ile programu moja ya Windows ikikulazimu unaiendea huko.

Ukishamaliza kwenye Mint, washa Timeshift siku hiyo hiyo. Inahifadhi hali ya mfumo, ukiharibu mpangilio unarudi nyuma. Ila kumbuka, kwa kawaida inahifadhi mfumo, siyo faili zako za mauzo. Hizo ziendelee kunakiliwa kila wiki. Na usidanganywe kwamba ukiwa na Linux hutapeliwi. Virusi vingi vimetengenezewa Windows, ni kweli, lakini tapeli anayekuomba namba ya siri hajali unatumia mfumo gani.

Jambo la mwisho: kama kompyuta bado ina diski ya zamani ya kuzunguka, ukiibadilisha kwa SSD utaona tofauti kubwa kuliko distro yoyote. Ulizia bei kwa mafundi wawili watatu kabla ya kuamua.

TUFUNGE

Jirani alinunua SSD, tukaweka Mint, na hela iliyobaki ikaenda Kariakoo kama ilivyopangwa. Mzigo wa vitenge ukaingia kabla ya sikukuu. Sasa hivi kila jioni anaandika mauzo nyumbani, akimaliza watoto wanagombania kiti. Juzi kaniambia bado anatafuta vitu viwili vitatu ambavyo kwenye Windows alivijua kwa mazoea. Ni kawaida, jipe wiki mbili.

Kazi ya nyumbani kwako leo: usisakinishe chochote. Angalia RAM ya kompyuta yako, andika kazi tano unazozifanyia, halafu nakili orodha ya madeni yako mahali pawili. Ukikwama kuchagua, tuandikie aina ya kompyuta, RAM na kazi zako, tutakusaidia hapa hapa.

Mpelekee somo hili mwenzako anayetaka kugusa mtaji kwa ajili ya laptopu mpya. Kesho biashara njema.