Kitabu Nyumbani ni Akiba

Mavuno yakiisha huko Kilosa na Mikumi, fedha hutoka mkononi upesi: bati, kanga, sare za shule. Yote ni ya haki. Lakini ni nyumba ngapi zinazotenga hata bei ya debe moja la mahindi kwa ajili ya kitabu? Mtoto aliyefundishwa kusoma, asipopata cha kusoma nyumbani, husahau.

Twashauri jamaa nne za jumuiya moja zinunue vitabu vinne, kisha zibadilishane. Ya kwanza inunue Wasifu wa Siti binti Saad, ulioandikwa na Shaaban Robert, habari za mwanamke maskini aliyeinuliwa na sauti yake. Ya pili, Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla, upate kuwafunza vijana kutafuta ushahidi kabla ya kumtuhumu mtu. Ya tatu, Mabepari wa Venisi, mchezo wa Shakespeare alioufasiri Mwalimu Nyerere mwaka 1969. Usomwe kwa sauti, kila mtu na sehemu yake. Ya nne, kitabu cha Aniceti Kitereza, Mkatoliki wa Ukerewe, juu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke walioshikamana katika majonzi ya kukosa mtoto.

Kitereza alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945; kwa Kiswahili kilitoka mwaka 1980. Yeye alivumilia miaka 35 kitabu chake kitufikie. Je, sisi tushindwe kutenga jioni moja kila juma tukisome?