Ichnos, Unyayo na Raad: Maana ya Kufuata Nyayo

1. Utangulizi

Neno "nyayo" limezoeleka mno masikioni mwa Wakenya kiasi kwamba ni nadra maana yake kuchunguzwa. Makala haya yanalilinganisha neno hilo na "ichnos", neno la Kigiriki ambalo wafasiri wa Biblia wamelitolea "nyayo", na "raad", neno la Kisomali linalotumika Garissa na Kaskazini Mashariki mwa Kenya kwa jumla. Hoja kuu ni kwamba unyayo ni ushahidi unaosomwa. Kwa hiyo, kufuata nyayo ni tendo la kupambanua, wala si la kutii tu.

2. Umbo na Maana

Katika kamusi za zamani neno hili huonekana kama "wayo", wingi wake "nyayo", kama ilivyo "waraka" na "nyaraka". Wingi ulipozoeleka zaidi, umoja mpya, "unyayo", ulichipuka kutokana nao. Neno lina maana mbili: upande wa chini wa mguu unaokanyaga, na alama inayobaki baada ya kukanyaga.

"Ichnos" nalo lina maana hizo mbili. Katika Septuaginta, yaani tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Agano la Kale, Kumbukumbu la Torati 11:24 linalitumia kwa maana ya wayo wenyewe unaoikanyaga nchi ya ahadi. Katika Agano Jipya neno hili linatokea mara tatu tu, zote katika wingi, na zote kwa maana ya alama au njia ya aliyetangulia. Biblia ya Kiswahili iliyokamilika mwaka 1952 inatumia "nyayo" mahali hapo pote. Ni dhahiri kuwa wafasiri walipata neno lililobeba maana zote mbili za neno la asili.

3. Matumizi katika Agano Jipya

Katika Warumi 4:12, Paulo anazungumzia nyayo za imani ya Ibrahimu. Wanaozifuata hawakumwona Ibrahimu. Walichonacho ni alama alizoziacha. Uzao hapa haupimwi kwa tohara pekee, bali kwa mwendo.

Katika 1 Petro 2:21, nyayo ni za Kristo aliyeteseka, nazo zimetajwa pamoja na neno "hupogrammos", yaani mwandiko wa kielelezo ambao mwanafunzi huunakili. Msomaji anapewa picha mbili: mkono unaofuatisha herufi na mguu unaofuatisha njia.

Matumizi ya 2 Wakorintho 12:18 ni tofauti. Paulo anajitetea dhidi ya shutuma kwamba aliwanyonya Wakorintho kupitia wajumbe wake. Anawauliza kama yeye na Tito hawakupita katika nyayo zile zile. Hapa nyayo ni ushahidi: anayetilia shaka anaalikwa azitazame na kuamua mwenyewe.

4. Raad: Unyayo katika Maisha ya Wafugaji

Maana hiyo ya ushahidi si ngeni kwa mfugaji wa Garissa. Ngamia akipotea usiku, kinachotafutwa alfajiri ni "raad". Mfugaji huangalia upana wa alama, kina chake na kingo zake. Kingo zikiwa kali, mnyama amepita karibuni. Zikiwa zimefukiwa na upepo, amepita zamani. Lugha yenyewe inashuhudia uzito wa jambo hili: "raad" ni alama ya mguu, "raadi" ni kutafuta, na "raadraac" ni kufuatilia nyayo.

Wagiriki nao waliunda kitenzi "ichneuo", kufuatilia nyayo, kutokana na "ichnos". Sophocles alitunga tamthilia iitwayo Ichneutai, yaani Wafuatiliaji, ambayo vipande vyake vilivyopatikana Misri vilichapishwa mwaka 1912. Humo, ng'ombe wa Apollo wameibwa na alama za kwato zimegeuzwa nyuma mbele ili kuwapotosha wanaofuatilia. Mfugaji wa Garissa angeuelewa mchezo huo bila mfasiri. Unyayo unaweza kudanganya. Ndiyo maana husomwa kabla ya kufuatwa.

5. Nyayo katika Siasa ya Kenya

Daniel arap Moi alipochukua urais mwezi Agosti 1978, alitangaza kwamba angefuata nyayo za Jomo Kenyatta. Baada ya muda, "Nyayo" likawa jina la Moi mwenyewe na la utawala wake: mfuataji akageuka kuwa mwenye nyayo. Septemba 1984 aliwataka mawaziri na viongozi wengine waimbe kama kasuku wimbo aliouimba yeye. Hapo maana ilikuwa imehama. Kasuku hafuati alama kwa kuisoma, hurudia sauti.

Kaskazini Mashariki, kipindi hicho kiliacha alama za aina nyingine: mauaji ya Bulla Kartasi mjini Garissa, Novemba 1980, na ya uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, Februari 1984. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaeleza yote mawili katika ripoti iliyowasilishwa Mei 2013. Walionusurika waliotoa ushahidi walikuwa wakilirejesha neno katika maana yake ya kale: aliyepita huulizwa alikopita.

6. Hitimisho

Ulinganishi huu unaonyesha kuwa "nyayo" ni tafsiri faafu ya "ichnos", lakini ufaafu huo hufifia pale msomaji anaposikia amri badala ya ushahidi. Mwalimu wa Kiswahili huko Garissa ana nyenzo karibu naye: mwanafunzi anayelijua neno "raad", na aliyesikia madrasani neno la Kiarabu "athar", yaani alama iliyobaki, ambalo limetupatia "athari". Akianzia hapo, mwanafunzi ataona kwamba anayefuata nyayo hana budi kwanza kuinama na kuzitazama.