Tangi la Shule Linavuja Penye Bomba?

Mvua za Novemba zinakuja hapa Tunduma, na tangi la saruji la shule yenu linavuja pale bomba kuukuu linapopita ukutani. Msipake saruji juujuu, itabanduka tu! Fundi achimbue, ang'oe bomba lote, halafu akwaruze lile jipya kwa msasa, maana saruji haishiki plastiki inayoteleza. Kiraka kimwagiwe maji siku 7, kisikauke.

Sasa sikia, hili ni la uhai. Usishushe pampu ya petroli ndani ya tangi. Moshi wake una gesi isiyo na harufu, inaua kimyakimya. Mwenzako akianguka humo usimfuate, hata awe ndugu yako. Piga kelele, watu wazima waje.