Dondoo muhimu: Sweta ya sufu kwa baridi ya Kahuzi
Katika Hifadhi ya Kahuzi-Biega, baridi ya Mlima Kahuzi, wenye kimo cha mita 3,308, haibagui mlinzi wala mgeni. Sufu hutunza joto hata ikilowa. Kwa bei nafuu, mnunuzi wa Bukavu aanzie kwenye mitumba ya soko la Kadutu.

• Lebo: atafute “laine”, “Wolle” au “lana”. “Acrylique” si sufu.

• Moto: kwa ruhusa ya muuzaji, achome uzi mmoja uliochomoza. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu. Akriliki huyeyuka na kuganda.

• Mwanga: ainue sweta juani, matundu ya nondo yataonekana.

• Kufua: maji baridi, bila kusokota, ikaushwe kivulini, imelazwa.